Ukanda na Mwambao

Waingereza wana ada ya kuitaja nchi kwa kufunga maneno mawili pamoja, jina na sifa yake, kisha kulitumia fungu hilo kwa wingi hata likasahauliwa kuwa ni fungu. Mashariki ya Mbali. Mashariki ya Kati. Afrika kusini mwa Sahara. Pembe ya Afrika. Ukanda wa pwani. Nasi tumeyatafsiri, tukayaingiza katika magazeti, redio na vitabu vya skuli, na leo ni nadra kumwona mtu anayesita kabla ya kuyatamka. Lakini sifa za namna hii huficha mahali aliposimama mwenye kusema. Mbali, kutoka wapi? Kati, baina ya nini na nini? Ukanda, uliokatwa kutoka nguo gani? Maswali haya si mzaha wa wanasarufi. Kwa fungu moja la maneno kama hayo, pwani yetu ilipimwa, ikauzwa upande, ikakodishwa upande, na baadhi ya watu wake wakaambiwa kuwa ardhi waliyozaliwa juu yake si yao.

Tuanze na lililo mashuhuri kuliko yote. Mwisho wa karne ya kumi na tisa Mwingereza alikuwa na Mashariki mbili tu: ya Karibu, yaani dola ya Kituruki ya Uthmani na jirani zake, na ya Mbali, yaani Uchina na Japani. Mnamo Septemba 1902 Alfred Thayer Mahan, ofisa wa jeshi la majini la Marekani na mwandishi mkubwa wa mambo ya vita vya baharini, alichapisha makala mjini London juu ya Ghuba ya Uajemi, na humo akaliita eneo hilo Mashariki ya Kati. Hakuwa wa kwanza kulitamka jina hilo, lakini ndiye aliyelipa uzito. Valentine Chirol wa gazeti la The Times akalidaka, akaandika mfululizo wa makala, na mwaka 1903 akazikusanya kuwa kitabu. Na kitabu hicho kilihusu nini? Kilihusu ulinzi wa Bara Hindi. Kwa hivyo kati ile haikuwa kati ya dunia wala kati ya Waarabu. Ilikuwa ni kati ya safari ya Mwingereza, baina ya nyumbani kwake na koloni lake.

La kustaajabisha zaidi ni kuwa jina hilo halikutulia pale lilipozaliwa. Mwaka 1921 Winston Churchill, akiwa waziri wa makoloni, aliunda idara ya Mashariki ya Kati kusimamia Iraq na Palestina. Mwaka 1939 Waingereza wakaweka makao ya jeshi lao la Mashariki ya Kati mjini Cairo, na tangu hapo Misri nayo ikawa ndani, tena ikawa ndiyo moyo wa jambo. Nchi hazikusogea hata shubiri moja. Jina ndilo lililotembea, kutoka Ghuba hadi mto Nile. Na wakati wa vita dhidi ya Wataliani mwaka 1940 na 1941, majeshi yaliyotoka Kenya kwenda Somalia na Uhabeshi yalikuwa chini ya Jenerali Wavell wa Cairo. Kwa muda huo mfupi, katika madaftari ya kijeshi, na sisi wa Afrika ya Mashariki tulikuwa watu wa Mashariki ya Kati, wala hapana aliyetupa khabari.

Mara chache hutokea mtu ndani ya dola ileile akashtuka. Mwaka 1939 Robert Menzies, waziri mkuu wa Australia, aliwaeleza wananchi wake kuwa kile ambacho Uingereza inakiita Mashariki ya Mbali, kwao wao ni kaskazini ya karibu. Alikuwa Mwingereza kwa damu na kwa moyo, lakini vita ilikuwa inanukia, na hofu ilimfanya atazame kutoka dirishani kwake mwenyewe. Wahindi nao, baada ya kupata uhuru wao mwaka 1947, walichagua katika lugha ya serikali kusema Asia ya Magharibi. Waarabu, kinyume chake, walilipokea jina la mgeni na kulitafsiri neno kwa neno, na gazeti mashuhuri la Kiarabu lililoanzishwa London mwaka 1978 likabeba jina hilohilo.

Nasi je? Sisi wa visiwani tuna sababu yetu ya pekee ya kucheka. Makka, Unguja na Mvita zote ziko katika nyuzi 39 za longitudo na vipande vyake, mashariki ya Greenwich. (Ndiyo, hata hesabu hii huanzia kwao, mkutano wa Washington wa mwaka 1884 ndio uliokubali hivyo.) Maana yake ni kuwa kutoka pwani yetu Makka haiko mashariki hata kidogo. Iko kaskazini kabisa. Kila siku mara tano watu huelekea kaskazini, kisha hutoka msikitini wakafungua redio na kusikia kuwa kule walikoelekea ni Mashariki ya Kati. Wazee wetu hawakuwa na mkanganyo huo. Katika Kiswahili cha zamani kibla lilikuwa pia ni jina la upande wa kaskazini, na lilitumika hivyo chomboni bila ya haja ya maelezo.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwani wapenzi wa mashairi wanayajua maneno haya kwa masikio kuliko wanavyoyajua kwa akili. Pande za dunia za Mswahili hazikutoka kwenye karatasi. Kaskazini ni mahali pa kaskazi, na kusini ni mahali pa kusi. Kaskazi ni ule upepo unaovuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, ulioleta majahazi kutoka Manga na Bara Hindi. Kusi ni ule unaoshika nguvu baada ya Aprili, uliowarejesha makwao. Kwa hivyo kaskazini si mstari. Ni nyumbani kwa upepo, na jina lake limefungamana na wageni, bidhaa, tende na papa mkavu. Matlai ni mashariki, nalo ni neno la kuchomoza jua, lakini baharini lilikuwa pia ni upepo unaotoka huko. Umande, ambao leo tunaufikiria kuwa ni maji ya alfajiri juu ya majani tu, ulikuwa pia ni jina la upepo mwanana wa asubuhi utokao nchi kavu upande wa magharibi. Na kusini kulikuwa na jina la pili, suheli, ambalo ni jina la nyota inayong'ara sana katika anga ya kusini. Mtu akisema anashika suheli, alikuwa anamwambia mwenziwe upande na alama ya kuufuatia kwa wakati mmoja. Haya ni majina yenye macho ndani yake, na macho hayo ni ya baharia.

Si sisi peke yetu. Waarabu wa kale walisimama wakilielekea jua linalochomoza, wakaiita Sham nchi iliyo kushoto na Yaman iliyo kulia. Katika Oman, ambako wengi wa jamaa za watu wa hapa wana asili yao, eneo lililo baina ya mlima na bahari huitwa Batina, kwa maana ya tumbo, na lile la upande wa pili wa mlima huitwa Dhahira, mgongo. Mlima ni uti, na nchi ni kiwiliwili. Kila kaumu hupima dunia kwa kitu inachokiamini.

Jina letu wenyewe lilitungwa na wengine. Zanzibar ni fungu la maneno mawili, Zanj na bar, na katika vinywa vya Waajemi na Waarabu lilikuwa na maana ya pwani ya watu weusi. Halikuwa jina la kisiwa. Lilikuwa ni jina la nchi ndefu isiyo na mwisho unaojulikana, nalo likaendelea kupungua karne hata karne mpaka likakaa juu ya kisiwa ambacho wenyewe hukiita Unguja. Uswahili nao umetokana na sawahil, wingi wa sahil, yaani pwani. Na kule Afrika ya Magharibi neno hilohilo limezaa Sahel, nchi za ukingo wa jangwa, kwani mwenye msafara wa ngamia aliliona jangwa kuwa ni bahari na majani ya kwanza kuwa ni ufuo. Ni ndugu wawili wa tumbo moja, Mswahili na mtu wa Sahel, mmoja akatazama maji na mmoja mchanga.

Lakini tusijitie katika kundi la wasio na dhambi. Kiswahili nacho kina mafungu na majina yanayomtazama mtu kwa jicho la juu. Bara ni neno la haki. Limetoka katika Kiarabu, ambako barr ni nchi kavu na mwenziwe ni bahari. Kwa mtu wa Unguja Bara ni Tanganyika, kwa mtu wa Mombasa ni kule juu reli inakokwenda, na kila mmoja ana haki kwa mahali aliposimama. Mrima nalo ni jina zuri la pwani inayokabili visiwa. Nyika ni jambo jengine. Nyika ni pori kavu, nchi ya miiba isiyo na maji wala watu, na ndilo jina ambalo watu wa miji ya pwani waliwapa majirani zao waliokaa nyuma ya Mombasa na Malindi: Wanyika. Wamisionari wa karne ya kumi na tisa, kuanzia Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, walilipokea kutoka kwetu na kuliandika vitabuni. Watu hao walikuwa Wagiriama, Warabai, Wadigo na wenzao, wakulima wenye minazi na mahindi, wenye kaya zilizozungukwa na misitu ambayo mwaka 2008 UNESCO iliiandikisha katika urithi wa dunia. Pori lilikuwa katika jina tu. Ilibidi wafike miaka ya 1940 ndipo wao wenyewe waeneze jina walilolichagua, Mijikenda. Nimelitaja jambo hili mapema kwa sababu litarudi, na halitarudi kwa upole.

Sasa tuje kwenye ukanda. Baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, Wajerumani na Waingereza walikuwa na haraka ya kujua Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash bin Said, anamiliki nini pwani. Iliundwa tume ya mataifa matatu, Uingereza, Ujerumani na Ufaransa; mjumbe wa Uingereza alikuwa Kitchener, yuleyule ambaye baadaye alipata sifa na lawama Sudan. Mwenye mali hakupewa kiti. Wakati huo biashara ya Unguja ilikuwa na watu wake Tabora na Ujiji, na barua za Sultani zilipokelewa maziwani. Wajumbe hawakuafikiana juu ya upana wa milki hiyo. Waingereza walivuta nje, Wajerumani walivuta ndani, na kilichosalia kikawa ni kile kidogo. Mapatano ya Novemba 1886 yakaandika kuwa milki ya Sultani pwani ni kutoka mpaka wa Wareno kusini hadi Kipini, kwa upana wa maili kumi za baharini, pamoja na visiwa na miji kadhaa ya Banadir. Barghash alikubali Disemba ya mwaka huo, kwa kuwa hapakuwa na njia nyengine.

Maili kumi za baharini ni kilomita 18 na nusu. Zilipimwa kutoka alama ya maji makubwa kwenda moja kwa moja barani. Mtu yeyote aliyekulia pwani angewauliza waandishi hao: maji makubwa ya lini? Ya bamvua au ya maji mafu? Katika mikoko ya Lamu tofauti hiyo ni mwendo. Lakini mstari haukukusudiwa kutembewa, ulikusudiwa kuchorwa. Na mara tu ulipochorwa, Waingereza wakapata fungu lao la maneno: ukanda wa pwani. Ukanda ni kitu chembamba kilichokatwa. Hukatwa nguo, hukatwa ngozi, na kinachokatwa huweza kutolewa. Nyuma yake kukawa na fungu jengine walilolichukua kwa Wajerumani, nchi ya nyuma, likiwa na fikra kwamba mwenye kushika ufuo ana haki ya kilicho mgongoni mwake. Unyamwezi haikuwa nyuma ya mtu yeyote mpaka siku hiyo.

Kiswahili kilikuwa na jina la nchi hiyohiyo: mwambao. Limetokana na kuambaa, yaani kupita kandokando ya kitu kwa karibu bila ya kukigusa. Nahodha huambaa. Huiacha miamba upande mmoja na kina kirefu upande mwengine, akiuona mnazi, mnara wa msikiti, mlango wa mto, kisha mnazi tena. Mwambao kwa hivyo ni nchi inayoonekana na mtu aliye chomboni, nchi inayofuatana kama shanga katika uzi, na haina upana. Hapana awezaye kusema mwambao unaishia wapi upande wa bara, kwani mwenye kuambaa hajali. Kati ya ukanda na mwambao pana tofauti ambayo hakuna kamusi itakayoionyesha, kwa kuwa kamusi huandika kila moja kuwa ni tafsiri ya mwenziwe.

Yaliyofuata yaliufuata ukanda. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani marka milioni nne kwa kipande cha kusini, na jina likafa upande huo. Kipande cha kaskazini, kutoka mto Umba hadi Kipini na visiwa vya Lamu, kilikodishwa kwa Waingereza kwa mkataba wa 14 Disemba 1895, zama za Hamed bin Thuwaini, kwa paundi 11,000 kwa mwaka. Mwaka 1920 bara ya Kenya ikafanywa koloni na ukanda ukabaki nchi ya himaya, hata jina rasmi la nchi likawa na sehemu mbili, Koloni na Himaya ya Kenya. Mtu angeweza kutoka himaya akaingia koloni kwa kupanda kilima, bila ya kuona alama yoyote isipokuwa bendera nyekundu ya Sultani juu ya Fort Jesus nyuma yake.

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni baadhi ya wanasiasa wa pwani walidai kuwa na nchi yao, au kurejea kwa Zanzibar, na dai lao walilipa jina la Mwambao. Wakalichukua neno la nahodha wakalitia ndani ya mpaka wa Kitchener. Wengi wa Mijikenda hawakuwaunga mkono, na hapa ndipo Nyika iliporudi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani. Mwenye kudai shamba alitakiwa apeleke dai lake kwa muda maalumu, alithibitishe, apewe hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waliojua karatasi na kadhi walifika: watu wa miji, wenye mashamba, wenye asili ya Kiarabu na Kiswahili na Kihindi. Wale ambao kwa muda mrefu waliitwa watu wa porini, wengi wao hawakupata hati, kwani katika fikra za ofisi mtu wa nyika kwao ni nyika, naye akikutwa ndani ya ukanda huwa ni mpita njia. Fungu la maneno la mgeni na jina la dharau letu wenyewe yalifanya kazi bega kwa bega.

Sir James Robertson alitumwa kuchunguza suala hilo mwaka 1961. Ripoti yake ilipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru. Mnamo Oktoba 1963 mawaziri wakuu wawili, Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohammed Shamte wa Zanzibar, walibadilishana barua, kisha mkataba ukatiwa saini, na ukanda ukamalizika tarehe 12 Disemba 1963. Barua hizo ziliahidi uhuru wa dini, mahkama za kadhi, na kulindwa kwa hati za ardhi zilizokwisha kutolewa. Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari 1964, serikali ya Shamte ilipinduliwa, na upande mmoja wa mapatano ukatoweka. Ahadi ya makadhi imo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Ahadi ya hati nayo ilitimizwa, na ndiyo iliyokuwa nzito, kwa kuwa kulinda hati za 1908 ni kulinda pia yale yaliyoachwa na hati hizo.

Kwa hayo yote mafungu mapya yanaendelea kutungwa, na mengine yanapasuka yenyewe. Afrika ya Mashariki, jina lililobebwa na kampuni ya Waingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, leo ni jina la jumuiya iliyoipokea Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Mashariki hiyo sasa ina ufuo katika bahari ya Atlantiki. Sidhani kuwa lina madhara. Madhara hutokea pale jina linapoambatana na kamba ya kupimia.

Sheria ya 1908 ilifutwa nchini Kenya mwaka 2012. Neno lililozaliwa nalo, maskwota, halikufutwa. Huko Kilifi na Kwale wangali wapo watu wanaoitwa hivyo juu ya ardhi yenye makaburi ya babu zao, na katika mazungumzo ya ofisini shida yao hutajwa kuwa ni shida ya ardhi ya ukanda wa pwani.